Akivuta, si Akitoa

"Mama, wewe tena," tabibu alisema kabla hata hajainua uso kutoka kwenye daftari lake.

Mama Njiti aliketi kwenye kiti cha plastiki na kumweka mtoto begani. Ilikuwa mara ya nne katika miezi miwili kukalia kiti kile. Jina hilo la Mama Njiti alilipata wodini, binti yake alipozaliwa kabla ya siku zake akiwa na kilo moja na robo tu, na likamfuata mpaka nyumbani. Sasa mtoto ana miezi mitano. Ana mashavu, anacheka, anakamata kila kinachopita karibu na mkono wake. Lakini kila alipovuta pumzi, kitu kilipiga mluzi ndani ya shingo yake, mluzi mwembamba wenye mkwaruzo, na watu waliokaa kwenye benchi la nje waliusikia kupitia mlango uliofungwa.

Tabibu alimsikiliza mtoto kifuani, mbele na nyuma, kwa haraka ya mtu mwenye wagonjwa arobaini nje.

"Ni kile kile. Kifua kinabana. Pumu ya utotoni. Ile dawa ya kupuliza unampa?"

"Asubuhi na jioni. Haijasaidia hata kidogo."

"Basi unampa vibaya."

"Nampa kama ulivyonielekeza. Naipulizia kwenye chupa mdomoni mwake, nahesabu pumzi kumi." Akamweka mtoto sawa mapajani. "Daktari, naomba niseme kitu kimoja. Sauti hii inakuja akivuta. Akitoa, haipo, au ipo kidogo sana. Dada yangu ana pumu tangu utotoni, na yeye hubanwa akitoa. Hii naona si ya kifuani. Ni ya hapa." Akagusa koo la mtoto kwa kidole.

Tabibu aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake zamu nzima, na tangu alfajiri hakuwa ametia kitu tumboni ila chai.

"Mama, tuelewane. Kati yangu mimi na wewe, nani aliyesomea?"

"Wewe, daktari."

"Haya." Akaandika dawa ile ile, akaongeza na ya kikohozi. "Na upunguze hizi safari. Mtoto anayeletwa zahanati kila wiki anaokota maradhi ya wenzake."

Alipotoka, mwanamke aliyekuwa mwanzoni mwa benchi alimwinua mwanawe na kumhamishia upande wa pili, mbali na ile sauti, kisha akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

 

Walipanga vyumba viwili kwenye nyumba yenye wapangaji sita na ua mmoja. Baba wa mtoto alikuwa fundi wa makochi, na mtaa mzima ulimwita Sponji, kwa kuwa hapakuwa na siku aliyopita bila vipande vya sponji nyweleni na kwenye kola ya shati. Zamani alifanyia kazi chumba cha mbele. Kochi likija limechanika, analivua kitambaa, analijaza upya, analishona, na jioni familia inalikalia siku moja au mbili kama wageni wa heshima kabla mwenyewe hajaja kulichukua.

Hayo yalikwisha baada ya mtoto kuanza kupiga mluzi. Aliyeyamaliza ni mama yake Sponji aliyeishi nao, bibi aliyepika katika jiko la shule ya bweni kwa miaka ishirini na minane, na ambaye alizungumza kama bado sufuria zinagongana pembeni yake.

"Vumbi," alisema jioni ile, baada ya Mama Njiti kurudi na chupa mbili za dawa. "Nimesema tangu mwanzo ni vumbi. Mtoto analala na sponji, anaamka na sponji. Mimi mwenyewe nikikaa humu saa moja napiga chafya mpaka meno yanacheza."

"Mama, nimeshatoa kila kitu," Sponji alisema. "Humu ndani hamna hata kipande."

"Na hicho kilichoko sikioni mwako ni nini?"

Sponji alijipapasa sikio. Kweli kilikuwepo. Alitoka nje, akanawa tena.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu ahamishie kazi chini ya turubai kando ya barabara, jirani na fundi baiskeli. Mvua ilipokuja na upepo, kochi la mteja lililowa na kuvimba kama unga uliotiwa hamira, na alilazimika kulirudia lote kwa sponji yake mwenyewe. Kila jioni kabla ya kuingia ndani alivua shati na suruali kwenye korido, akabaki na bukta, akajimwagia maji huku wapangaji wakipita na ndoo zao na kumsalimia kwa adabu wakitazama pembeni. Aliyafanya hayo bila kulalamika. Kilichomtafuna ni kwamba mluzi haukupungua. Aliogopa kwamba vumbi lilikwishaingia zamani, likakaa, na kwamba yeye ndiye aliyelitia.

Watoto wa uani walimpa binti yake jina la Filimbi. Hawakuwa na ubaya, walimpenda, walimwita hivyo wakimchekesha. Mama Njiti alicheka nao mara ya kwanza. Siku mpangaji mmoja, mtu mzima na ndevu zake, alipouliza, "Filimbi leo amelala? Mbona mechi haijaanza?" alimtazama mpaka yule bwana akakumbuka kwamba ana nguo za kuanua.

Yeye alipiga pasi kwenye duka la dobi, siku tano kwa wiki, mtoto akiwa kwenye kapu la nguo nyuma ya kaunta. Siku aliyokwenda zahanati haikulipwa. Hilo alilizoea. Hakuzoea lile alilolisikia siku moja kupitia pazia, bibi akizungumza kwa simu na dada yake.

"Ni huyu mkwe wangu, nakwambia. Anatoka kwenye joto la pasi, mwili unafuka, anaoga maji ya baridi, halafu ananyonyesha. Sasa hayo maziwa yanaingiaje? Si yanamganda mtoto kifuani? Sisemi kitu. Nimekaa kimya mimi."

Mama Njiti alikuwa ameshika shuka. Aliikunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka haikuwezekana kuikunja tena, akaiweka kabatini.

 

Siku ya kupima uzito ilikuwa Alhamisi. Mtoto alikuwa na mafua tangu juzi yake, na mluzi ulikuwa umegeuka kuwa kitu kizito zaidi, kama mtu anayekokota meza sakafuni. Bibi alimshauri asiende.

"Mafua yapite kwanza. Utampeleka kwenye upepo."

"Nisipokwenda leo wataandika nimetoroka kliniki, mama," alisema. Hiyo haikuwa sababu. Sababu ni kwamba asubuhi ile, alipomvua nguo kumwogesha, aliona chini ya koo la mtoto pakiingia ndani kila alipovuta, pakifanya kishimo cha kutosha ncha ya kidole gumba. Aliogopa kurudi zahanati kuambiwa wewe tena. Kituo cha mama na mtoto kilikuwa mtaa wa pili, na huko hakuna aliyemchoka bado.

Muuguzi aliyesimamia mizani alikuwa mama wa makamo aliyefunga miwani kwa kamba shingoni. Alipokea watoto mmoja mmoja, akawavika ile suruali ya kitambaa, akawaning'iniza kwenye ndoano, akasoma, akaita namba. Mtoto wa Mama Njiti aliponing'inizwa alikasirika, akalia. Kilio hakikutoka kama cha wenzake. Kilitoka kikavu, kama karatasi inayochanwa, kisha mtoto akavuta pumzi ya kulia tena, na ile pumzi ikapiga ukelele wenyewe.

Muuguzi hakusoma mizani.

"Mshushe huyo mtoto," alimwambia msaidizi wake. "Mama yake yuko wapi? Njoo ukae hapa, mwanangu. Mfungue nguo, taratibu, asilie."

Alivaa miwani. Alitazama shingo ya mtoto, akatazama mbavu zinavyojichora, akahesabu kwa saa yake dakika nzima huku foleni ikianza kunung'unika. Hakuweka chochote kifuani.

"Sauti hii ameanza lini?"

"Alipofika miezi mitatu hivi. Mafua ni ya juzi."

"Alizaliwa wapi? Alizaliwaje?"

"Hospitali kubwa. Alizaliwa njiti."

"Alipokuwa kule, alipumua mwenyewe, au aliwekewa mpira mdomoni, ule unaoingia mpaka kooni?"

Mama Njiti alimtazama. Kwa miezi miwili aliulizwa kuhusu vumbi, baridi, paka, moshi, maziwa, na kama ana uhakika anajua kuhesabu mpaka kumi. Hilo hakuwahi kuulizwa.

"Aliwekewa. Siku kumi na tisa. Ulichomoka mara mbili wakaurudisha."

"Na hii sauti inakuja akivuta, au akitoa?"

"Akivuta."

"Uliwahi kumwambia mtu?"

"Niliwaambia."

Muuguzi hakuuliza aliwaambia akina nani. Alichukua karatasi, akaandika mistari mitano, juu yake akaandika HARAKA na kupiga mstari chini yake mara mbili, mara ya pili kalamu ikachana karatasi.

"Unakwenda hospitali kubwa sasa hivi. Si kesho, wala usimsubiri baba yake. Gari letu lilikuwa linakwenda kuchukua mitungi ya gesi, litakuchukua wewe kwanza. Mkalishe wima hivi, usimlaze. Akitaka kulia, mchekeshe, mwimbie, fanya vituko, lakini asilie. Mtoto huvuta, huvuta, unamwona ana nguvu, halafu akichoka anachoka mara moja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Nani anaitwa nyumbani?"

Alitaja namba ya Sponji. Msaidizi akamshika kiwiko, akampeleka kwenye gari.

 

Hospitalini walimpokea kwa kukimbia. Walimwekea mtoto kinyago chenye mvuke wa dawa, kinyago kikubwa kuliko uso wake, na baada ya robo saa kile kishimo cha shingoni kikapungua. Kisha karani akaja na ubao wa karatasi.

"Baba wa mtoto yuko wapi? Hapa panatakiwa sahihi."

"Yuko njiani."

"Basi tutasubiri. Hizi ni karatasi za kumlaza mtoto usingizi, tunataka baba."

"Tunataka mzazi," ilisema sauti nyuma yake. "Huyu ni mzazi. Lete hapa."

Aliyesema alikuwa daktari wa koo, mwanamke mfupi aliyevaa kandambili za chumba cha upasuaji, na ambaye alikuwa na mazoea ya kukaa popote alipopata. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Sponji akaingia wakati huo huo, gundi vidoleni, bibi nyuma yake akihema, na daktari akawangoja wote wasimame vizuri.

"Sikilizeni. Nitawaambia ninachodhani, kesho asubuhi nitaona kwa macho. Mtoto akiwekewa mpira wa kupumulia, unapita katikati ya nyuzi za sauti unaingia chini. Pale chini kuna pete." Akakutanisha kidole gumba na cha shahada. "Kwa mtoto mchanga hapo ndipo pembamba kuliko pote, na pete hiyo haitanuki. Mpira ukikaa siku nyingi, ukitoka ukarudishwa, unasugua. Panachubuka, panapona. Kupona kwake ni kovu. Kovu linajikusanya, na njia inakuwa hivi." Akakaza vidole mpaka ikabaki nafasi ya njiti ya kiberiti. "Akipata mafua panavimba kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kilichokuwa kimebaki."

Kisha Sponji akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa, "Kwa hiyo si vumbi?"

"Vumbi gani?"

"Mimi ni fundi makochi. Sponji. Nilikuwa nafanyia kazi nyumbani."

"Hapana, baba. Hata ungekuwa na kiwanda cha vumbi, lisingeweka kovu pale."

Sponji aligeukia ukuta, palipobandikwa maelezo ya namna ya kunawa mikono, akayasoma kwa muda mrefu kuliko yalivyohitaji.

"Wala maziwa?" Mama Njiti aliuliza, bila kumtazama mtu.

"Maziwa ndiyo yaliyompa hayo mashavu. Endelea."

Bibi alikuta kamba ya mkoba wake imejisokota, akaanza kuinyoosha.

"Na huo mpira," Mama Njiti alisema. Hili lilimtoka kwa shida. Alikumbuka siku zile kumi na tisa, alivyosimama nyuma ya kioo akiushukuru ule mpira kama unavyomshukuru mtu. "Ndio uliomfanya hivi?"

"Ndio. Bila huo asingefika hapa tukalizungumza. Hakuna aliyekosea. Kosa letu lilikuwa kutokuwaambia siku mnatoka kwamba mkisikia sauti ya namna hii, mrudi."

Akawaeleza kitakachofanyika. Wataingiza kamera nyembamba mtoto akiwa usingizini. Kovu likiwa bado laini, wataingiza puto dogo ambalo halijajazwa, walijaze pale pale kwenye pete, lipanue, kisha walitoe. Huenda likahitajika zaidi ya mara moja. Kovu likiwa gumu au refu, puto halitafaa, na itabidi watoboe tundu mbele ya shingo, chini ya pale palipobana, apumulie hapo mpaka akue vya kutosha kutengenezwa.

"Tundu la muda gani?" Sponji aliuliza.

"Mwaka. Miwili pengine. Mtafundishwa kulisafisha. Sauti yake haitasikika wakati huo."

"Hapana," bibi alisema. "Hilo hapana. Mtoto wa kike na tundu shingoni, watu wamwangalie mpaka lini? Puto ni sawa. Puto lisipofaa, mturudishie mtoto wetu tukamtafutie dawa nyingine."

Kwa miaka mitatu ya ndoa Mama Njiti hakuwahi kumjibu mama mkwe wake mbele ya watu, wala pembeni.

"Mama," alisema, "tundu ni afadhali kuliko shimo la kumzikia. Nitaweka sahihi ya vyote viwili."

Akaweka. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyemaliza shule akiongoza darasa, na karani aliyesimama pale aliutazama kidogo kabla ya kuchukua karatasi zake.

 

Mtoto hakutakiwa kunyonya kwa saa nne kabla ya upasuaji. Hakuna aliyemweleza yeye hilo. Saa moja asubuhi alidai chakula chake, akanyimwa, akatazama huku na huku kama mteja aliyedharauliwa, akaanza kukunja uso. Na kulia hakuruhusiwi.

"Anasikia harufu ya maziwa kwako," bibi alisema. "Nipe mimi."

Alimchukua, akampakata wima kwenye mikono ile iliyozoea kubeba sufuria za watu mia nne, akaanza kutembea naye kwenye korido, mwendo wa taratibu, akimwimbia orodha ya jiko la shule kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. Maharage debe mbili. Chumvi kilo tatu. Vitunguu, mke mwenzangu, tena vile vyekundu, vya kumenya tukilia wote. Mtoto alinyamaza kusikiliza. Kila walipofika mwisho wa korido bibi aligeuka, na orodha ikaanza upya. Mama Njiti alikaa kwenye benchi, khanga ikilowa kifuani, akawatazama wakienda na kurudi mpaka mlango ulipofunguliwa na mtoto akaitwa.

Halafu wakabaki watatu na mlango.

Sponji alikwenda kununua maji ambayo hakuna aliyeyanywa. Alipokuwa huko, bibi alikaa karibu na mkwe wake, si karibu sana.

"Nilisema maneno," alisema.

"Nilisikia, mama."

"Nilijua umesikia. Ile shuka uliikunja vibaya, ikanipa shida kuikunjua." Akajikuna kiganja. "Mtu akiona kitu hakielewi anatafuta wa kumbebesha. Mimi nilikubebesha wewe, na yule kijana wangu nikambebesha sponji zake. Sasa kumbe mtoto wa watu alikuwa na kovu. Nitampigia dada yangu. Yale niliyomwambia nitayafuta moja moja."

"Si lazima, mama."

"Ni lazima. Yeye naye keshawaambia wengine. Ana mdomo kama mimi."

Mama Njiti alitaka kucheka, kicheko kikatoka nusu. Bibi alikisikia, na kikamtosha kwa wakati ule.

Walingoja saa moja na dakika ishirini. Watu waliingia na kutoka kwa mlango ule, na kila ulipofunguka wote watatu walisimama, wakaketi. Ndani kabisa, mbali, mtoto fulani alikuwa akilia. Kilikuwa kilio kinene, cha kudai, chenye mwanzo na mwisho, kilio cha mtoto aliyekwazwa na anayetaka jambo hilo lijulikane.

"Maskini," Mama Njiti alisema. "Wa nani yule?"

Mlango ulifunguka. Daktari wa koo alitoka, barakoa imeshuka kidevuni, akatafuta pa kukaa, akakosa, akachuchumaa mbele yao.

"Puto limefaa," alisema. "Kovu lilikuwa laini, jembamba kama ukingo wa kikombe. Limeachia. Hakuna tundu. Tutarudia baada ya wiki sita, maana kovu lina tabia ya kutaka kurudi. Lakini njia imefunguka." Kisha akawatazama mmoja mmoja, akaona hawajaelewa kitu kimoja. "Hamumsikii? Anaita tangu alipoamka."

Mama Njiti aligeuza sikio kuelekea mlangoni. Kilio kiliendelea. Akakisikiliza kwa makini, kama unavyomsikiliza mtu anayezungumza kwenye simu mbovu.

"Yule ni wangu?"

"Wa kwako."

"Sikumjua," alisema. "Sikuijua sauti yake." Na hapo ndipo alipolia, baada ya miezi miwili, kwa sauti, uso umefunikwa na khanga yenye maziwa, na Sponji, ambaye alikuwa bado ameshika chupa tatu za maji, alizishusha zote sakafuni ili apate mikono.

 

Alirudi zahanati wiki mbili baadaye. Hakwenda kugombana. Mtoto alikuwa na upele wa joto, basi. Tabibu aliinua uso, akaanza, "Mama, we—" akanyamaza, kwa kuwa chumba kilikuwa kimya. Alisoma karatasi ya hospitali kubwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, akarudi mwanzo.

"Uliniambia," alisema.

Mama Njiti alikuwa ametunga maneno mengi kwa ajili ya siku hii, akiyapiga pasi pamoja na mashati ya watu, na sasa hakuona la kutumia.

Tabibu aliamka akafunga dirisha lililopitisha kelele za barabarani. "Naomba unisaidie," alisema, na ilionekana neno hilo linamgharimu. "Ile sauti sikuisikiliza. Nilisikiliza kifua. Ilikuwaje hasa?"

Alimtazama kuona kama anamdhihaki. Hakuwa anamdhihaki, alikuwa ameshika kalamu. Basi Mama Njiti akakaza koo lake, akavuta pumzi, akaitoa ile sauti kama alivyoisikia kwa miezi miwili, kisha akashusha pumzi bila sauti. Akarudia. Tabibu akaandika.

"Na waulize kama waliwekewa mpira," alimwambia. "Hilo kwanza."

Aliliandika na hilo.

 

Puto la pili lilifanyika wiki ya saba badala ya ya sita, kwa sababu mashine ya kamera iliharibika, na wiki hiyo moja ya ziada iliwakondesha wote, maana mluzi ulikuwa umeanza kurudi mtoto akilala. Likaenda vizuri. Daktari alipima, akasema njia sasa ni karibu sawa na ya watoto wenzake, na waje baada ya miezi mitatu, na wakisikia chochote waje siku hiyo hiyo.

Siku ya kwanza nyumbani hawakusikia chochote.

Ilikuwa saa nane mchana. Sponji alikuwa amerudisha kazi zake chumba cha mbele. Alikuwa uani akimsaidia mteja kupakia kochi la watu watatu kwenye mkokoteni. Bibi alikuwa kwenye simu, mlango wazi, akimweleza mtu habari ya pete na puto kana kwamba yeye ndiye aliyelijaza. Mtoto alilala chumbani. Mama Njiti alikuwa akipiga pasi gauni la mteja wa dobi alilokuja nalo nyumbani, na katikati ya mkono wa gauni akasimama. Hakusikia kitu kutoka chumbani. Kwa miezi yote ile, mluzi ndio uliomwambia kwamba mtoto yupo. Alilala nao, aliamka nao, alipika akiuhesabu. Sasa palikuwa kimya, na kimya kilimwingia mwilini kama maji ya baridi.

Aliacha pasi, akaingia chumbani mbio.

Mtoto alikuwa amelala chali, mikono juu kama mtu aliyesalimu amri. Mama Njiti alipiga magoti. Aliweka kiganja juu ya tumbo lake. Tumbo likapanda. Likashuka. Likapanda. Hakuna kilichosikika, si akivuta, si akitoa. Shingoni palikuwa laini, hapakuingia ndani, na puani ilitoka pumzi ndogo yenye joto iliyomgusa mkononi, ikaenda, ikaja.

"Vipi?" Sponji aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa ameona mkewe akikimbia, akamwachia mteja kochi lake.

"Amelala."

"Mbona hasikiki?"

"Ndivyo wanavyolala," alisema.

Sponji alikuja akapiga magoti kando yake, sponji nywele nzima, wala hakuna aliyemfukuza. Walikaa pale wakitazama tumbo likipanda na kushuka mpaka harufu ya gauni linaloungua ilipowafikia kutoka chumba cha mbele, na bibi akasikika akimwambia mtu wa kwenye simu asubiri kidogo, kuna kitu kinaungua hapa, lakini asihangaike, si kikubwa.